Sheria Ilitangulia, Wanasheria Wakachelewa: Jilore na Elimu ya Sheria nchini Kenya

Haki baina ya watu wa rangi na asili mbalimbali huzungumzwa mara nyingi kana kwamba inaamuliwa mahakamani peke yake, ilhali sehemu kubwa ya uamuzi huo hufanyika miaka mingi kabla ya kesi kufunguliwa, katika chumba cha mihadhara ambamo watu wachache huchaguliwa kuisomea sheria na wachache zaidi huchaguliwa kuifundisha. Anayeingia katika chumba hicho ndiye atakayekuwa wakili, hakimu au mtunga sera wa kesho, na anayesimama mbele yake kama mhadhiri ndiye anayeamua ni historia gani itahesabiwa kuwa chanzo cha sheria na ni historia gani itaachwa nje kama hadithi za wazee. Sura hii inaitazama elimu ya sheria ya Kenya kutoka Jilore, katika Kaunti ya Kilifi, mahali ambapo sheria ya kikoloni ilifika mapema na kuamua hatima ya ardhi ya wenyeji, wakati wenyeji hao walikuwa wamefungiwa njia zote za kuwa wanasheria. Hoja yake ni kwamba kuwaingiza darasani wanafunzi wa jamii zilizotengwa ni wajibu usiokwepeka, lakini wajibu huo haujatimizwa mpaka watu wa jamii hizo wawe pia miongoni mwa wanaofundisha, na maarifa yao yawe miongoni mwa yanayofundishwa.

Ardhi iliyoandikwa bila wenyewe

Jilore iko magharibi ya mji wa Malindi, kusini mwa Mto Sabaki, kwenye ukingo wa kaskazini wa msitu wa Arabuko-Sokoke. Wakazi wake wengi ni Wagiriama, mojawapo ya jamii tisa za Mijikenda, ambao kwa desturi yao ardhi ilikuwa chini ya ukoo, na mizozo iliamuliwa na baraza la wazee lijulikanalo kama kambi, huku kiapo kikitumika pale ushahidi wa kawaida uliposhindwa kutoa jawabu. Katika miaka ya 1890 wamishonari wa Kianglikana wa Church Missionary Society (CMS) walikuwa tayari na kituo Jilore, hivyo kusoma na kuandika vilifika hapa mapema kuliko sehemu nyingi za bara. Lakini kusoma huko kulikusudiwa kuzaa waumini, makatibu na walimu wa shule za misheni, na hakukumfungulia mtu mlango wa taaluma iliyokuwa ikiandika upya umiliki wa nchi yao.

Maandishi hayo mapya yalikuja kwa hatua. Sheria ya Hatimiliki za Ardhi ya mwaka 1908 ilihusu ukanda wa pwani wa maili kumi, uliokuwa kisheria chini ya Sultani wa Zanzibar ingawa ulitawaliwa na Waingereza, na ilimtaka kila mwenye madai ayawasilishe mbele ya afisa ili apewe hati, la sivyo ardhi ihesabiwe kuwa mali ya Serikali. Utaratibu huo uliwafaa waliokuwa na nyaraka au waliojua njia za ofisi, hasa wenye mashamba wa Kiarabu na Kiswahili na baadhi ya wafanyabiashara wa Kihindi na Kizungu, lakini haukuwa na nafasi ya umiliki wa pamoja wa ukoo, ambao hati yake ilikuwa makaburi, minazi na kumbukumbu za wazee. Ndipo Wamijikenda wengi walipojikuta wakiitwa maskwota, yaani watu wanaoishi kwenye ardhi isiyo yao kisheria, katika mashamba waliyokuwa wakiyalima wao na wazazi wao. Kwa walioishi nje ya ukanda huo, sheria za ardhi za mwaka 1902 na 1915 zilifanya kazi kama hiyo kwa njia nyingine: ile ya 1915 ilitangaza kuwa hata ardhi inayokaliwa na makabila ya wenyeji ni ardhi ya Mfalme wa Uingereza, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 Mahakama Kuu iliamua kwamba kwa sababu hiyo Mwafrika ni mpangaji anayekaa kwa hiari ya Mfalme.

Wagiriama hawakunyamaza. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwakusanya wanawake na wanaume wale viapo vya kupinga kodi na kazi za kulazimishwa. Oktoba mwaka huo alikamatwa pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa uhamishoni Kisii, wakatoroka Januari 1914 na kurudi pwani kwa miguu. Mwezi Agosti Waingereza waliilipua Kaya Fungo, kitovu cha ibada na maamuzi ya Wagiriama, na baada ya vita wakazi wa kaskazini mwa Sabaki walifukuzwa kwenye ardhi yao yenye rutuba na kuvushwa kusini mwa mto. Katika mwaka uleule wa 1913, mbali na pwani, Wamaasai walijaribu njia ya mahakama katika kesi iliyofunguliwa na Ole Njogo kupinga kuhamishwa kwao, nao walishindwa, kwa kuwa mahakama iliamua kuwa makubaliano ya 1904 na 1911 yalikuwa mikataba baina ya dola mbili na hivyo hayawezi kuamuliwa na mahakama ya ndani. Matukio haya mawili yakiwekwa pamoja yanaonyesha jambo zito: aliyepinga kwa kiapo aliitwa mwasi, na aliyepinga kwa hati ya mashtaka aliambiwa kuwa mahakama haina mamlaka, na katika njia zote mbili, aliyeongea lugha ya sheria alikuwa mtu wa upande wa pili.

Mlango uliofungwa kwa rangi

Katika Kenya ya kikoloni hapakuwa na chuo cha kusomea sheria. Aliyetaka kuwa wakili kwa kawaida alipaswa kwenda Uingereza, kujiunga na mojawapo ya vyama vya mawakili vya London kama Lincoln's Inn, kulipa ada na kula idadi maalumu ya chakula cha jioni pamoja na wanachama wengine kama sehemu ya masharti ya kukubaliwa. Gharama hiyo peke yake ilitosha kumzuia mkulima wa Jilore, lakini juu ya gharama palikuwa na sera: watawala walipendelea kuwafadhili Waafrika wachache wasomee ualimu, kilimo na utabibu, kwa kuwa walihofia kuwa mwanasheria Mwafrika atageuka kuwa mwanasiasa. Kwa hiyo taaluma ya uwakili mjini Nairobi na Mombasa ilishikwa na Wazungu na Wahindi, na Chiedo More Gem Argwings-Kodhek, aliyesomea Wales na kuhesabiwa kuwa wakili Mwafrika wa kwanza kufungua ofisi Nairobi, alianza kazi hiyo miaka ya 1950, wakati ambapo nchi ilikuwa chini ya hali ya hatari.

Kesi ya Kapenguria ya 1952 na 1953, ambamo Jomo Kenyatta na wenzake watano walishtakiwa kuongoza Mau Mau, ilidhihirisha upungufu huo mbele ya dunia. Jopo la utetezi liliongozwa na D. N. Pritt kutoka Uingereza, likiwa na H. O. Davies kutoka Nigeria, Dudley Thompson wa Jamaika aliyekuwa akifanya kazi Tanganyika, Chaman Lall kutoka India, na mawakili Wahindi wa Kenya, akiwemo Achhroo Kapila na Fitz de Souza. Ulikuwa mshikamano wa kujivunia, ambao ulivuka mipaka ya rangi na bahari, na jamii ndogo ya Wahindi wa Kenya ilitoa ndani yake watu waliokuwa tayari kulipa gharama ya kusimama na Waafrika. Hata hivyo ilikuwa dhahiri kwamba nchi yenye mamilioni ya Waafrika haikuwa na Mwafrika wake katika jopo la kuwatetea viongozi wake.

Jawabu la kitaasisi lilianza kupatikana mwaka 1961, pale kamati iliyoongozwa na jaji Lord Denning ilipotoa ripoti kuhusu elimu ya sheria kwa wanafunzi kutoka Afrika, ikipendekeza kuwa mafunzo yafanyike Afrika kwenyewe na yalingane na mahitaji ya huko. Oktoba mwaka huohuo Kitivo cha Sheria kilifunguliwa Dar es Salaam, katika jengo la chama cha TANU la Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi 14 kutoka nchi za Afrika Mashariki. Chuo cha Sheria cha Kenya kilianzishwa mwaka 1963 kwa ajili ya mafunzo ya vitendo, na Chuo Kikuu cha Nairobi kikawa na kitivo chake cha sheria mwaka 1970. Kwa takriban miaka tisa, kwa hiyo, Mkenya aliyetaka shahada ya sheria bila kuvuka bahari alikwenda Dar es Salaam, na hapo alikutana na aina mpya ya ufundishaji.

Mwalimu anayebadilisha somo

Walimu wa mwanzo wa Dar es Salaam, miongoni mwao A. B. Weston, Patrick McAuslan na William Twining, waliona kuwa haitoshi kumfundisha Mwafrika sheria ya Kiingereza kama ilivyo vitabuni, bila kuuliza sheria hiyo ilifanya nini katika jamii iliyotawaliwa. Mwaka 1963 alijiunga nao Yash Pal Ghai, Mkenya wa asili ya Kihindi aliyezaliwa mwaka 1938 na kusoma Oxford na Harvard, ambaye baadaye alikuwa mkuu wa kitivo hicho. Kitabu alichoandika na McAuslan kuhusu sheria ya umma na mabadiliko ya kisiasa nchini Kenya, kilichochapishwa mwaka 1970, kilionyesha kwa ushahidi wa sheria moja baada ya nyingine jinsi ubaguzi wa rangi ulivyojengwa ndani ya utawala, ardhi na mahakama, na jinsi serikali ya baada ya uhuru ilivyourithi muundo huo badala ya kuuvunja.

Mchango wa Ghai unaeleza kwa nini mwalimu kutoka jamii ya walio wachache ana thamani inayozidi kujaza nafasi katika orodha ya wafanyakazi. Mtu aliyekulia katika jamii iliyobaguliwa na Wazungu, kisha ikashukiwa na Waafrika baada ya uhuru, anaijua sheria kutoka pande zaidi ya moja, na maswali anayowauliza wanafunzi hutokana na ujuzi huo. Maswali hayo yalivuka darasa: Ghai aliongoza Tume ya Marekebisho ya Katiba ya Kenya kuanzia mwaka 2000 hadi 2004, na mengi ya mawazo ya rasimu za wakati huo, hasa kuhusu haki za msingi, ugatuzi na ardhi, yalipata nafasi katika Katiba iliyopitishwa mwaka 2010. Miongoni mwa wanafunzi waliopita katika kitivo cha Dar es Salaam ni Issa Shivji, aliyekuja kuwa profesa hapohapo, na Willy Mutunga, aliyefundisha sheria Nairobi, akawekwa kizuizini mwaka 1982, na mwaka 2011 akawa Jaji Mkuu wa Kenya.

Pambano la kupata walimu wa namna hii halikuwa la Afrika Mashariki pekee. Nchini Marekani, Derrick Bell, aliyekuwa profesa Mweusi wa kwanza kupewa ajira ya kudumu katika kitivo cha sheria cha Harvard mwaka 1971, aliacha kufundisha kuanzia 1990, akikubali kukosa mshahara, kwa sababu chuo hicho hakikuwa na hata profesa mmoja wa kudumu aliyekuwa mwanamke Mweusi. Lani Guinier alipata nafasi hiyo mwaka 1998. Bell na wenzake walijenga nadharia inayoeleza kwamba ubaguzi wa rangi huweza kuendelea ndani ya sheria zinazodai kutotazama rangi, jambo ambalo mkulima wa Pwani angelielewa upesi, kwa maana Sheria ya 1908 haikuhitaji kumtaja Mgiriama ili kumnyima ardhi. Ilitosha kudai aina ya ushahidi ambao hakuwa nao. Wakenya waliosomea Harvard, kama Makau Mutua, aliyekuwa mkuu wa kitivo cha sheria cha Buffalo, New York, kuanzia 2008 hadi 2014, na James Gathii, profesa wa sheria mjini Chicago, walipanua fikra hiyo katika sheria za kimataifa, wakiwa sehemu ya mkondo wa wanazuoni wanaoichunguza sheria hiyo kwa macho ya mataifa yaliyotawaliwa.

Kutoka Jilore hadi ukumbi wa mihadhara

Katiba ya Kenya ya 2010 ililipa suala la nafasi ya jamii zilizotengwa msingi imara. Ibara ya 27 inakataza ubaguzi na kuitaka Serikali ichukue hatua za kusawazisha, yaani mipango ya makusudi ya kuwapa nafasi watu walioumizwa na ubaguzi wa zamani. Ibara ya 56 inataja wazi kwamba makundi ya walio wachache na waliotengwa yapewe fursa maalumu katika elimu na ajira. Tofauti na Marekani ni kubwa, kwa kuwa Juni 2023 Mahakama ya Juu ya huko ilivizuia vyuo vikuu kuzingatia rangi ya mwombaji, ilhali nchini Kenya kuzingatia ubaguzi uliopita ni amri ya Katiba. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 nayo inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja, na vyuo vikuu vya umma ni taasisi za namna hiyo. Lakini uchunguzi wa tume iliyoundwa na sheria hiyo umebaini kuwa vyuo vingi vimeikiuka, kwa kuajiri zaidi watu wa jamii zinazovizunguka au zinazoviongoza.

Mwanafunzi wa Jilore hukutana na vizuizi kabla ya kufika kwenye hoja za kikatiba. Sheria ya Chuo cha Sheria cha Kenya ya 2012 iliweka sharti la wastani wa C+ katika mtihani wa kidato cha nne, pamoja na B katika Kiingereza au Kiswahili. Kwa kijana wa pwani, Kiswahili kinaweza kumvusha sharti hilo, lakini akishaingia chuoni hukuta mihadhara, vitabu na mitihani yote ni kwa Kiingereza. Baada ya shahada hufuata mafunzo ya uwakili Nairobi na kipindi cha kujifunza kazi chini ya wakili mzoefu, ambavyo vyote vinahitaji ada, kodi ya nyumba na nauli kwa miaka ambayo familia ya mkulima ilitarajia kijana wao awe amekwisha kuanza kuchuma. Wapo waliovuka: Amason Kingi, mzaliwa wa Magarini ng'ambo ya Sabaki, alisomea sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, akawa gavana wa kwanza wa Kilifi mwaka 2013 na Spika wa Seneti mwaka 2022. Mafanikio ya mmoja, hata hivyo, hayawezi kuchukuliwa kuwa ushahidi kwamba njia iko wazi kwa wote.

Katika Kilifi yenyewe zipo jamii ambazo hali yao ni ngumu zaidi. Wapemba wa pwani, wavuvi ambao wazee wao walihamia kutoka kisiwani Pemba, walitambuliwa rasmi kuwa jamii ya Kenya mwezi Julai 2023. Kabla ya hapo wengi wao waliishi bila kitambulisho, na asiye na kitambulisho hawezi kuomba mkopo wa masomo wala kuajiriwa kwa urahisi, seuze kuapishwa kuwa wakili. Wawaata, wawindaji wa tangu zamani wa nyika za Galana, sehemu ya juu ya mto huohuo wa Sabaki, waligeuzwa majangili na sheria za wanyamapori, hasa baada ya Mbuga ya Tsavo kuanzishwa mwaka 1948 na kampeni kali ya miaka ya 1950 iliyowajaza gerezani. Mwanafunzi wa sheria hufundishwa makosa ya ujangili kwa kifungu na adhabu yake. Ni nadra kufundishwa kwamba yalikuwapo makabila mazima yaliyolala yakiwa watu huru na kuamka yakiwa wahalifu kwa sababu sheria ilikuwa imebadilika. Ndugu zao wa kihistoria katika uwindaji, Waogiek wa Mau, walishinda kesi dhidi ya Serikali ya Kenya katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu mwezi Mei 2017, na ushindi huo unathibitisha kuwa historia kama hizi zinaweza kuwa hoja za kisheria zikipata watu wa kuziandaa.

Ushahidi unaojulikana na wachache

Umuhimu wa kuwa na mwanasheria anayeyajua mazingira huonekana wazi katika kesi za ardhi. Sheria ya ukomo wa mashauri humruhusu mtu aliyekaa kwenye shamba la mmiliki mwingine kwa miaka 12 mfululizo, waziwazi na bila ruhusa, kuiomba mahakama impe umiliki, ingawa haimruhusu kufanya hivyo dhidi ya ardhi ya umma. Ili kushinda, mkulima lazima athibitishe muda na ukaaji wake. Wakili mgeni huuliza risiti na barua. Wakili aliyekulia Ugiriamani huuliza mwembe ulipandwa na nani, mnazi umeanza kuzaa lini, kisima kilichimbwa katika ukame gani, kaburi la babu liko upande gani wa nyumba, na kama koma, yaani vigingi vya kuwakumbuka wafu, vilisimikwa hapo. Majibu ya maswali hayo ni ushahidi halali ukiwasilishwa ipasavyo, lakini hauwezi kuwasilishwa na mtu asiyejua kwamba upo.

Hata baada ya kupatikana, ushahidi huo unapita katika kichujio cha lugha. Sheria ya mwenendo wa mashauri ya madai inasema lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na Kiswahili kinaruhusiwa pamoja na Kiingereza katika mahakama za chini. Mzee anayetoa ushahidi Malindi katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, yenye hadhi ya Mahakama Kuu, husema kwa Kigiriama au Kiswahili, mkalimani akatafsiri, na kinachobaki katika kumbukumbu ni Kiingereza cha mkalimani. Uhusiano wa ukoo unaotenganisha aliyerithi na aliyekaribishwa huweza kupotea katika sentensi moja, na rufaa ikaamuliwa kwa sentensi hiyo. Wakili anayeijua lugha ya shahidi hulisikia kosa papo hapo na kuomba lirekebishwe.

Kazi ya kuziba pengo hili imeanza nje ya vyuo. Kituo cha Sheria, kilichoanzishwa mwaka 1973, kimewafundisha wasaidizi wa kisheria wa vijijini, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 imewatambua. Katiba Institute, iliyoanzishwa na Ghai na Jill Cottrell Ghai, imeifanya Katiba isomwe na wasio wanasheria. Lakini msaidizi wa kisheria hawezi kuchukua nafasi ya wakili, na wakili hawezi kuchukua nafasi ya mhadhiri, kwa kuwa ni mhadhiri anayeandika mtaala na kusahihisha mtihani. Yanayodaiwa na Katiba, kwa hiyo, yanaweza kutajwa bila kuzungushwa: ufadhili wa kaunti unaomfikisha mwanafunzi hadi siku ya kuapishwa badala ya kuishia shahada ya kwanza, ajira za wahadhiri zinazoheshimu kikomo cha thuluthi moja na kuwatafuta wanazuoni wa jamii zilizoachwa nyuma, somo la sheria ya ardhi linaloifundisha Sheria ya 1908 pamoja na mashamba iliyoyafanya ya watu wengine, na vituo vya mafunzo ya vitendo ambamo wanafunzi wa sheria huketi na wazee wa kambi na kuyaandika maelezo yao kwa namna inayokubalika mahakamani.

Yasipofanyika hayo, Kenya itaendelea kutoa mawakili wanaoweza kukariri Ibara ya 56 na wasioweza kumsaidia mtu ambaye ibara hiyo iliandikwa kwa ajili yake. Wenyeji wa Jilore walishindwa mwanzoni mwa karne ya 20 kwa kuwa haki yao haikuandikwa kwa maneno yaliyokubaliwa na mahakama, si kwa kuwa hawakuwa na haki. Elimu ya sheria ndiyo mahali ambapo maneno hayo hutungwa na kukubaliwa, na kwa sababu hiyo kila nafasi ya masomo na kila kiti cha uprofesa kinachofunguliwa kwa jamii zilizotengwa kinapaswa kuhesabiwa kuwa sehemu ya malipo ya deni ambalo taifa limekwisha kulikiri katika Katiba yake.